MAFUTA NDANI YA MIFUPA
Mazungumzo na wamama siku ya kupima watoto



Leo hatutazungumza juu ya malaria wala kuhara. Tutazungumza juu ya mifupa, na zaidi juu ya mafuta yaliyo ndani yake. Labda utauliza: "Mifupa nayo iko na mafuta?" Ndiyo, na wewe mwenyewe umeyaona. Ukipasua mufupa wa muguu wa ngombe, unakuta ndani kitu laini chenye mafuta, na watoto wanagombania kukifyonza. Kitu kile kinaitwa uboho. Sisi watu nasi tuko nao.

Wengi wanazani mufupa ni kama kijiti kikavu kinachosimamisha nyama tu. Ile mifupa ambayo nabii Ezekieli aliiona bondeni ilikuwa mikavu kwa sababu wenyewe walikuwa wamekufa. Mufupa wa mutu muzima unapitiwa na damu. Kila siku sehemu ndogo inabomolewa na nyingine inajengwa, maisha yote.

UBOHO NI WA NAMNA MBILI

Kuna uboho mwekundu na uboho wa manjano. Ule mwekundu unatengeneza damu. Ule wa manjano ni mafuta zaidi. Mutoto anapozaliwa, karibu uboho wake wote ni mwekundu. Akikua, ule wa manjano unaingia pole pole, unaanza ku vidole vya mikono na miguu na kupanda juu. Mutu akifika karibu miaka 25, uboho mwekundu unabaki zaidi katika mugongo, nyonga, mbavu, kifua na kichwa. Kwa mutoto mwenye SS, uboho mwekundu unabaki mwingi, sababu damu yake inaharibika upesi na uboho unalazimishwa kutengeneza ingine bila kupumzika.

Basi mafuta ndani ya mifupa si ugonjwa. Mungu aliyaweka. Shida inakuja yakiongezeka kupita kiasi wakati mufupa wenyewe unapungua.

Sikilizeni vizuri hapa. Mwili umejengwa na chembe, ni kusema vipande vidogo sana vya uhai ambavyo macho hayawezi kuona. Chembe zinazojenga mufupa na chembe zinazotunza mafuta ya uboho zinatoka kwa chembe-mama zilezile. Ni kama mama mumoja mwenye watoto wawili, mumoja fundi wa kujenga nyumba, mwingine mutunza wa gala. Mama huyo akizaa watunza wa gala wengi na mafundi wachache, nyumba itakosa wa kuitengeneza. Hii ni sababu mojawapo ambayo wenye elimu wanatoa.

NAMNA GANI WALIJUA HAYA?

Zamani, kwa kuangalia uboho wa mutu muzima ilikuwa lazima kutoboa mufupa kwa sindano nene. Picha ya radio, iliyovumbuliwa na Röntgen mwaka 1895, inaonyesha mufupa uliovunjika, lakini haipimi mafuta ya ndani. Mwaka 1973 mwenye elimu mumoja wa Marekani, Paul Lauterbur, alionyesha namna ya kupata picha kwa nguvu ya sumaku. Mashini hiyo inaitwa IRM. Mwaka 2003 yeye na Peter Mansfield wa Uingereza walipewa zawadi ya Nobel kwa kazi hiyo.

Mugonjwa analala ndani ya kitu kama bomba kubwa, mashini inapiga kelele, lakini haimuumizi na haitumii miali ile ya picha ya radio. Katika maji na katika mafuta kuna haidrojeni, nayo inaitikia sumaku. Ile ya mafuta inaitikia kwa mwendo wa pole kidogo kuliko ile ya maji. Mwaka 1984 mutu anayeitwa Dixon alionyesha njia ya kutenga mafuta na maji kwa tofauti hiyo. Hapo njo wanaweza kusema: katika uboho huu, ku sehemu 100, sehemu ngapi ni mafuta.

Mashini hii ni ya bei kali, na mama hahitaji kuingia ndani yake kwa kutunza mifupa yake. Lakini mambo iliyoonyesha yanatufaa sisi wote.

MAMBO MANNE IRM ILIYOONYESHA

1. Miaka. Mafuta ya uboho yanaongezeka kwa uzee. Kwa mwanamuke yanaongezeka upesi akiisha kukoma kuona mwezi. Watu wenye mifupa miepesi, inayovunjika bure, mara mingi wako na mafuta mengi ndani yake.

2. Njaa. Kuna wasichana wanaoshikwa na ugonjwa wa kukataa chakula mpaka wanabaki ngozi na mifupa. Mwaka 2009 waganga wa Boston, Marekani, walitoa habari ya wanawake wa namna hiyo waliopimwa kwa mashini. Mwili ulikuwa umekonda, lakini mafuta ya uboho yalikuwa mengi kuliko ya wanawake wanaokula vizuri.

3. Kulala bila kutembea. Mwaka 2005, katika muji wa Toulouse, Ufaransa, wanawake 24 wazima walikubali kulala kitandani siku 60, kichwa chini kidogo kuliko miguu, kwa kujifunza mambo ya wale wanaosafiri angani. Mafuta yaliongezeka katika mifupa ya mugongo wao. Mwaka mumoja nyuma ya kuamka, yalikuwa yangali hayajarudi kama mbele. Na hawa hawakuwa wazee, walikuwa wa miaka 25 mpaka 40.

4. Kortizoni nyingi. Kuna ugonjwa unaofanya mwili utengeneze kortizoni kupita kiasi. Kwa wagonjwa hao IRM imeonyesha mafuta mengi katika uboho, nayo mifupa yao inapungua nguvu.

VIDONGE VYA KUNENEPA

Wamama, neno hili la nne ndilo lililonisukuma kuwaandikia. Deksametazoni ni jamaa ya kortizoni. Inauzishwa ku soko, kidonge kimoja kimoja, kwa wanawake wanaotaka kunenepa. Bibi-arusi anakonda, mama-mukwe anasema: "Watu watazani hatumulishi." Naye anakimbilia vidonge. Kisha mwezi mumoja mashavu yanajaa, jirani wanamusifu. Hawaoni ndani. Uso unavimba, sukari na tansiyo vinaweza kupanda, na mifupa inamomonyoka kimya kimya. Unene ule si nguvu. Ni nyumba iliyopakwa rangi mupya huku mchwa wanakula nguzo.

Mafuta ya kujipaka kwa kung'arisha ngozi, mengine yako na dawa kali za jamaa hiyo. Nayo yanapita ku ngozi na kuingia mwilini.

Kama umekwisha kuvitumia siku nyingi, usiache kwa mara moja. Mwili umezoea kupewa, umesahau kutengeneza yake, na unaweza kuanguka. Njoo hospitali, sema ukweli, hatutakugombeza. Munganga atakupunguzia pole pole. Tena, kama yeye mwenyewe amekuandikia dawa hii kwa ugonjwa, kama vile pumu, au sindano kwa sababu uchungu unataka kuanza mbele ya siku, usikatae. Dawa ni ileile, lakini kazi na kipimo si vilevile.

TUFANYE NINI?

Kula vyakula vinavyojenga mufupa: ndagala pamoja na mifupa yake, maharagi, soya, lengalenga, sombe iliyopikwa vizuri, na maziwa ukiyapata.

Peleka mutoto inje kwenye jua kila siku. Jua linasaidia mwili kupata vitamini ya mifupa.

Nyonyesha bila woga. Wakati wa kunyonyesha, mifupa ya mama inapunguka kidogo, lakini mutoto akiisha kuachishwa, kwa kawaida inarudi.

Usimulalishe muzee au mugonjwa siku nzima kama munganga hakusema hivyo. Mukalishe, mushike mukono, atembee ku kiwanja. Sisemi wewe ubebe muzigo wa kuni mukubwa zaidi. Wamama wa kwetu wamebeba vya kutosha.

MAULIZO YA KUKUMBUKA

1. Uboho mwekundu unafanya kazi gani?
2. Kwa nini mutu aliyekonda kwa njaa anaweza kuwa na mafuta mengi ndani ya mifupa?
3. Rafiki yako anakuonyesha vidonge vya kunenepa. Utamwambia nini? Na kama amevimeza muda wa miezi sita, utamwambia nini?

Someni maulizo haya pamoja na binti zenu, zaidi wale wanaokaribia kuolewa.