Kuchagua Suala la Kidunia kwa Mradi wa Mwanafunzi: Mfano wa Mchanga wa Mito ya Kitui na Makueni

Utangulizi

Walimu wenzangu, mada hii inahusu hatua moja tu ya mradi wa mwanafunzi, nayo ni kuteua suala la kutafiti. Hatua hii hutengewa muda mfupi kuliko zote, ilhali ndiyo inayoamua iwapo mwanafunzi atatafiti au atanakili. Kwa kuwa darasa la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari pevu Januari 2026, na huduma kwa jamii ni sehemu ya masomo yake, jambo hili haliwezi kusubiri. Mwanafunzi akiambiwa atafute suala lenye uzito wa kidunia, aghalabu hukimbilia Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, akachukua moja na kuandika kuhusu uhaba wa maji duniani. Suala lenyewe ni zito, lakini yeye hana cha kupima wala cha kutilia shaka, kwa hivyo hukusanya maneno ya wengine. Hoja yangu ni kwamba suala linalofaa ni lile ambalo mwanafunzi anaweza kulipima kwa mikono yake anakoishi, kisha akafuata chanzo na athari zake hadi nchi nyingine. Likikosa moja kati ya hayo mawili, halijakamilika.

Mchanga kama mfano

Mito mingi ya Ukambani ni ya msimu. Tiva na Nzeeu kule Kitui, Kaiti na Thwake kule Makueni, hufurika wakati wa mvua, kisha msimu ukipita unabaki mchanga mtupu. Hata hivyo, wenyeji hujua kwamba maji yamo chini yake, na ndiyo maana hufukua mto wakati wa kiangazi. Ujuzi huo ndio msingi wa mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa juu ya mwamba, mafuriko hujaza mchanga nyuma yake, na maji hukaa kati ya chembe mahali ambapo jua haliyafikii. Shirika la SASOL limejenga mamia ya mabwawa hayo Kitui, wananchi wakichangia nguvu zao kwa mtindo wa mwethya, yaani kazi ya pamoja ya kikundi. Sasa mwanafunzi na ajaze ndoo ya lita 20 mchanga mkavu wa mto, kisha amimine maji polepole hadi yaonekane juu. Ndoo hiyo iliyojaa itapokea lita 6 hadi 8 hivi. Akiitoboa chini na kupima yanayotoka, atapata pungufu, kwa sababu mengine yameng'ang'ania chembe. Arudie kwa mchanga laini na kwa ule wa chembe kubwa, na tofauti itajionyesha. Kwa hesabu hiyo ataona kwamba lori likiondoka na meta 10 za ujazo za mchanga, mto umepoteza nafasi ya kuhifadhi lita zipatazo 3,000 za maji.

Hapo ndipo kijiji kinapokutana na dunia. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilikadiria mwaka 2022 kwamba wanadamu hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Indonesia ilipiga marufuku kuuza mchanga nje mwaka 2007, na Kambodia ikafuata mwaka 2017. Mwanafunzi anaweza kuuliza: je, marufuku huuokoa mto, au huhamishia uchimbaji kwa jirani? Swali hilo linaihusu Kitui kama linavyozihusu nchi za Asia, na jibu lake halinakiliki popote.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba suala la kijijini humfunga mtoto asiione dunia. Ninaona kinyume chake, maana aliyepima mchanga wa Kaiti atasoma takwimu za Gigiri kwa macho ya mtu mwenye kipimo chake. Wengine watasema wanafunzi wote watachagua jambo lilelile, na si kila shule iko karibu na mto. Lakini ndani ya mchanga mna kina cha maji, chumvi yake, ujira wa wapakiaji na muda wa akina mama kwenda kuteka. Na pasipo na mto, penye mashamba ya maembe kuna nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa nchini mwaka 2003, ambaye alichangia Kenya kusitisha mauzo ya maembe Ulaya mwaka 2014. Mwanafunzi anaweza kutega nzi hao na kuwahesabu kila wiki. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la usalama. Machimbo huporomoka, na biashara ya mchanga imewahi kuzua vurugu. Hili nalikubali bila masharti: mwanafunzi asipelekwe machimboni wala asiwahoji wafanyabiashara. Apimie kwenye bwawa la jamii wakati wa kiangazi, akiwa na mwalimu na kwa idhini ya kikundi kinachosimamia bwawa hilo.

Mapendekezo

Napendekeza kwamba kabla ya kuidhinisha mradi, mwalimu amuulize mwanafunzi mambo matatu: utapima nini na kwa chombo gani, ni nani nje ya kaunti hii anayeguswa na suala hili, na ni nani hapa atakabidhiwa matokeo? Asiyeweza kujibu la kwanza arudi mashinani, asiyeweza kujibu la pili arudi maktabani. Kwa la tatu tumsaidie sisi walimu, kwa kuhakikisha kwamba matokeo hayaishii kwenye faili ya alama bali yanasomwa barazani, mbele ya watu watakaoamua bwawa lijengwe wapi na mchanga uachwe wapi. Mwanafunzi anayejua kwamba watu hao watamsikiliza ana sababu ya kupima kwa uaminifu.