Injini na Mguu wa Nje Vikae Mstari Mmoja
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mafundi wa boti na manahodha katika mkutano wa tawi)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo moja ambalo limewatia wenzetu wengi hasara na aibu. Ni habari ya boti zile ambazo injini yake imo ndani, na mguu wenye rafadha uko nje nyuma ya tezi. Kampuni ya Volvo Penta ya Uswidi ilianza kuuza mtambo wa namna hii mwaka 1959, na leo twauona hapa pwani katika boti za wageni na za kuvulia samaki wakubwa.

Twaanza na yaliyotupata. Fundi mmoja mwenzetu alibadilisha kapla ya boti moja mara mbili katika msimu mmoja. Kapla ya pili ilipokatika, boti ilikuwa na abiria karibu na mwamba, injini yanguruma lakini rafadha haizunguki. Nanga ndiyo iliyowaokoa. Kesho yake tajiri alisema fundi hajui kazi, na bei ya kapla ikatwe katika mshahara wake. Sisi tulikwenda tukaitazama boti ile pamoja naye.

Tufahamu kwanza jinsi mtambo ulivyo. Tutasema juu ya MerCruiser, maana wengi wetu twaishika hiyo. Kwa nyuma injini imefungwa kwenye bamba la tezi, na hapo hapana nati ya kuisogeza. Kwa mbele yakaa juu ya miguu yenye nati za kuipandisha na kuishusha. Shafti ya mguu wa nje yapita katika beringi kubwa iliyo kwenye tezi, kisha meno yake yaingia katika meno ya kapla, nayo kapla imefungwa kwenye flaiwili. Injini ikishuka mbele, hata kidogo, shafti na kapla hazitazamani tena. Meno huliana, mpira wa kapla huungua, na beringi hufa kabla ya siku zake.

Sasa fundi atajuaje penye ugonjwa? Asikilize kabla ya kushika spana.

Boti yote ikitetemeka kwa mwendo, tazama rafadha kwanza. Huenda imepinda, au mshipi wa kuvulia umejizungusha nyuma yake. Hiyo ni kazi ya bei ndogo, basi ianze hiyo. Ukisikia kugonga wakati wa kukata kona tu, shuku krosi za shafti. Ukisikia mngurumo usiokoma hata boti ikienda moja kwa moja, shuku beringi kubwa. Na injini ikipandisha mbio bila boti kusukumwa, pamoja na harufu ya mpira ulioungua, kapla imekwisha.

Lakini kujua kilichokufa si kujua kilichokiua. Hapo ndipo wengi wetu hukosea.

Kazi ya kupima ni hii. Boti iwe nchi kavu, imekaa juu ya magogo sawasawa, maana boti iliyopindika hukupa kipimo cha uongo. Toa waya wa betri, fungua sehemu ya injini mpaka mvuke wa petroli utoke, wala mtu asivute sigara hapo. Toa mguu wa nje kama kitabu cha kiwanda kisemavyo. Tazama mpira wa mikunjo unaofunika krosi. Ukiwa na tundu, maji ya chumvi yameingia, na beringi mpya haitadumu ndani yake.

Kisha twaa chuma cha kupimia kilichotengenezwa kwa mtambo huo, si bomba uliloliokota. Kipake grisi kwenye ncha, kipitishe katika beringi mpaka kiingie kwenye meno ya kapla. Kiingie na kutoka kwa nguvu ya mkono tu. Ikiwa beringi imekaa upande, waweza kukigonga chuma kwa ubavuni ili beringi ikae sawa, lakini usikipigilie nyundo kiingie kwa lazima. Kitoe, utazame alama katika grisi. Meno yakiwa yameandika sawa pande zote, injini iko mstarini. Yakiwa yameandika upande mmoja zaidi, rekebisha nati za miguu ya mbele, kulia na kushoto kwa kipimo kimoja, ujaribu tena. Mwisho zungusha injini robo, pima mara ya pili, kisha kaza nati za kufungia. Pima hivi kila mwaka, na kila mguu wa nje unapotolewa. Siku za kusi, boti nyingi zinapopandishwa, ndizo siku zake.

Katika boti ile tuliyoitazama, chuma hakikuingia hata kidogo. Tulipandisha nati, kikaingia. Lakini tuliuliza, kwa nini injini ilishuka? Tulichoma msumari katika ubao ulio chini ya mguu wa kulia, ukazama kama katika muhogo uliopikwa. Maji yalikuwa yameingia kwa matundu ya skrubu, ubao ukaoza. Kapla ya mia moja isingalidumu juu ya ubao ule.

Tajiri alionyeshwa kwa macho yake. Tulimkumbusha pia kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamruhusu kukata mshahara kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi, na ubao kuoza si makusudi ya fundi. Mshahara haukukatwa. Ubao ulibadilishwa, injini ikapimwa upya, na boti ilimaliza msimu uliofuata kwa kapla ile ile.

Lakini ndugu, tuseme kweli hata ikituuma. Fundi yule aliweka kapla ya pili bila kupima. Alisema aliambiwa afanye haraka, wageni wangoja. Tukiambiwa hivyo, tuandike katika daftari ya kazi kwamba kipimo hakikufanywa, na nani aliyekikataza, tena tumwambie nahodha kabla hajapakia watu. Daftari ndiyo shahidi wetu siku ya maneno. Tena tawi lina haki ya kumtaka tajiri anunue chuma cha kupimia, maana bila chombo hicho twafanya kazi kwa kubahatisha, na wanaopanda boti ni watu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye swali na aulize sasa, na mwenye boti yenye mngurumo atuambie, tukaisikilize pamoja.