Mgongo Unaouma Usifungwe Kitandani

  Leo tunazungumzia maumivu ya kiuno na mgongo wa chini yanayodumu zaidi ya miezi mitatu.

Akina mama wengi hufika kliniki wakisema, "Sista, mgongo wangu umeisha." Si ajabu. Asubuhi umeinamia beseni la nguo, umebeba mtungi wa maji wa lita 20, mtoto yuko mgongoni, na omena inangoja kuanikwa. Hauko peke yako. Mwaka wa 2020, watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume.

Lakini je, mgongo umeisha kweli? La. Kati ya watu 10 wenye maumivu haya, karibu 9 hawana ugonjwa wala jeraha linaloweza kutajwa kuwa ndilo chanzo. Mgongo bado una nguvu.

Basi mbona unaendelea kuuma? Maumivu ni kama kengele, na ubongo ndio unaoipiga. Kengele ikizoea kulia, hulia hata pasipo jeraha jipya. Wasiwasi wa karo, deni la chama, ugomvi nyumbani, huzuni na kukosa usingizi huifanya ilie zaidi. Mama, sisemi kwamba unajifanya. Maumivu yako ni ya kweli. Wala hujarogwa.

Hofu nayo huongeza taabu. Mama akiogopa kwamba akiinama atavunjika, hulala kutwa. Misuli inalegea, biashara inadorora, mawazo yanazidi, na mgongo unauma zaidi.

Tufanye nini? Mnamo Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu haya. Linapendekeza elimu, mazoezi na msaada wa kisaikolojia. Halipendekezi mishipi ya kiuno, wala dawa kali za jamii ya mofini. Nako Australia, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2024 ulionyesha kuwa watu waliokuwa wamepona, wakafundishwa kutembea kwa mpango, walikaa muda mrefu zaidi kabla ya maumivu kurudi: siku 208, ikilinganishwa na 112 kwa wasiofundishwa.

Kwa hivyo, anza pole pole. Tembea dakika 10 kila siku. Wiki ijayo ongeza dakika chache, hadi ufikie dakika 30, siku tano kwa wiki. Ukihisi maumivu kidogo, usiogope. Kuuma si kuumia. Usimalize kazi zote siku unayojisikia vizuri, ukaanguka kitandani kesho yake. Weka beseni juu ya stuli. Gawanya maji katika mitungi midogo. Na moyo ukilemewa, zungumza na mtu unayemwamini, au mhudumu wa afya ya jamii. Usinunue vidonge au sindano dukani kila mara. Dawa za maumivu zikitumiwa ovyo huweza kudhuru tumbo na figo.

Sasa sikilizeni kwa makini. Nenda hospitali upesi ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukifa ganzi sehemu za siri, au miguu ikikosa nguvu. Nenda pia ukiwa na homa, kutokwa na jasho usiku au kukonda, kwani kifua kikuu huweza kushika uti wa mgongo. Vivyo hivyo ukiwa umeanguka, una mimba, au umewahi kuugua saratani.

Nanyi walezi, mama akisema mgongo unauma, msimwite mvivu, na msimfungie kitandani. Mpunguzieni mzigo, kisha mtembee naye jioni.