Gari Linalochemsha: Tuulize Kwanza Kazi ya Kila Kitu

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Sanje)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya jambo litakalowafaa wakubwa na wadogo. Kwa kuwa mimi ni mtumishi wa Serikali, pengine mlitazamia niwasomee habari za uongozi. Leo nitasema juu ya gari kuukuu linalochemsha.

Gari hilo aliliacha marehemu mjomba wangu. Ni gari la kifahari, la silinda sita, lililoundwa Ulaya mwaka 1991. Jina la kampuni nalihifadhi, maana ugomvi wangu si na kampuni. Gari la umri huo lina haki ya kuugua. Zamani magari ya namna hiyo yalikuwa ya wakubwa peke yao, hata Afrika Mashariki ikawapa jina la Wabenzi. Siku hizi yamechakaa, bei imeshuka, nasi wa kima cha kati tunayapata. Kuyapata si kazi; kazi ni kuyatunza.

Kwetu gari hili si pambo. Mimi nafanya kazi Iringa, na kila mwezi nashuka nalo mlima Kitonga, napita Mikumi na Kidatu, nafika hapa Sanje kumchukua mama yangu kumpeleka kliniki Ifakara. Mwezi mmoja lilichemka tulipokwisha kupita Mang'ula, jua la saa sita likiwaka. Mama alikaa chini ya mti saa tatu. Tulipofika Ifakara daktari alikwisha kuondoka, naye mama alikuwa amebakiwa na vidonge vya siku mbili. Kwa hiyo nikisema habari ya rejeta, ndugu zangu, nasema habari ya dawa za mama yangu.

Sasa wadogo zangu wa Fizikia, nisikilizeni. Petroli ikiungua ndani ya silinda, joto lake kwa nukta moja hupita nyuzi 2,000. Katika nguvu yote ya petroli hiyo, kiasi cha robo hadi theluthi tu ndiyo inayosukuma gari. Iliyobaki ni joto: sehemu moja hutoka na moshi, sehemu nyingine lazima ibebwe na maji. Pampu huyasukuma maji yakazunguka injini, yakachukua joto, yakaenda kulitua kwenye rejeta mbele ya gari, ambako upepo na feni hulichukua. Sisi tuliozaliwa chini ya Udzungwa tunayajua maji yenye kazi. Pale Kidatu maji huzungusha mitambo ya umeme ya megawati 204. Ndani ya injini maji ni mchukuzi: akichelewa njiani, mzigo hurundikana.

Mchukuzi huyu ana wasaidizi wawili wanaodharauliwa sana. Wa kwanza ni mfuniko wa rejeta. Watu hudhani kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike. Kumbe una springi inayoyabana maji kwa shinikizo. Maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, na kwa kiasi cha nyuzi 95 tu huko Iringa juu. Yakibanwa kwa shinikizo la ziada la kadiri ya angahewa moja, hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 120. Springi ikilegea, gari litachemka kwa joto ambalo jana lilikuwa la kawaida. Mfuniko ni kitu cha bei ndogo, lakini unalinda kitu cha bei kubwa.

Msaidizi wa pili ni themostati. Huyu ni bawabu. Injini ikiwa baridi hufunga mlango wa kwenda kwenye rejeta, ili injini ipate moto upesi. Maji yakifika nyuzi 80 na kitu, hufungua.

Hapa ndipo tatizo letu lilipoanzia. Mjomba alipokuwa hai, fundi wa gereji moja, ambayo sitaitaja, aliitoa themostati akaitupa. Alisema, "Hii ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi." Maneno hayo nyote mmeyasikia, na yanapendeza masikioni. Lakini katika injini nyingi za Ulaya bawabu huyu analinda milango miwili. Anapofungua mlango wa rejeta hufunga ule wa njia ya mkato, ambayo huyarudisha maji kwenye injini bila kupozwa. Ukimwondoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji haifiki kwenye rejeta kabisa. Asubuhi injini inakawia kupata moto na kunywa petroli kwa fujo. Mchana kwenye mlima inachemka. Umepata hasara pande zote mbili.

Baada ya safari ile ya Mang'ula, gereji nyingine, nayo sitaitaja, ilitoa hukumu: injini imekufa, nunua injini ya mtumba. Bei yake ilikuwa sawa na karo ya watoto wangu wawili. Nilipoomba siku mbili za kufikiri, walinicheka.

Ndipo nikalipeleka Ifakara kwa kijana mmoja aliyesoma shule yetu hii. Hakuendelea kidato cha tano. Alikwenda chuo cha ufundi. Kijana hakushika spana. Aliuliza kwanza: "Shikamoo kaka. Linachemka likiwa limesimama au likiwa linapanda?" Nikamjibu kwamba kwenye foleni linatulia, kwenye mlima na kwenye mwendo mkali ndipo mshale wa joto unapopanda. Akasema, "Basi feni si mgonjwa. Gari likichemka limesimama, tazama feni. Likichemka likivuta mzigo, tazama rejeta na mzunguko wa maji."

Halafu akachunguza kama injini kweli imekufa. Alichomoa kijiti cha oili: oili ilikuwa safi, haikugeuka rangi ya chai ya maziwa. Alitazama moshi: haukuwa mweupe mzito. Injini ikiwa baridi alifungua mfuniko, akaiwasha, akatazama kama maji yanatoa mapovu mfululizo. Hayakutoa. Kwa dalili hizo tatu akasema gasketi ya silinda hedi ingali hai.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo sehemu ya kuogopewa. Katika injini nyingi za zamani hedi ni ya aluminiamu na bloku ni ya chuma. Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Injini ikichemka sana, hedi hupinda na gasketi huungua. Hapo ndipo tunaposema injini imeuawa, na mara nyingi anayeiua ni dereva anayejipa moyo kwamba pamebaki kilomita tano tu.

Kijana akatenganisha rejeta na kipozeo cha kiyoyozi kilicho mbele yake. Katikati pametoka nini? Vumbi jekundu la njia yetu, mbegu za majani, wadudu, na masizi ya miwa. Sisi wa bonde la Kilombero tunayajua masizi hayo: mashamba yakichomwa kabla ya kuvuna, huanguka hata kwenye nguo zilizoanikwa. Upepo ulikuwa haupiti. Tangi la rejeta, ambalo ni la plastiki, lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, maana plastiki iliyochemshwa na kupozwa kwa miaka thelathini hukauka ikawa kama ganda la yai. Aliweka rejeta nyingine, mfuniko mpya, themostati mpya, na kulanti iliyochanganywa na maji safi badala ya maji ya mtoni yenye udongo. Gharama yote haikufika robo ya ile injini ya mtumba. Tangu hapo mama hajakosa kliniki.

Wadogo zangu, nawaachia mambo machache. Gari likichemka, simama mahali salama, zima kiyoyozi, zima injini, usubiri. Usifungue mfuniko ukiwa na moto, hata ukiharakishwa na abiria. Maji yaliyobanwa, ukiyafungulia, huchemka yote kwa mara moja yakakurukia usoni. Namfahamu utingo mmoja aliyepoteza jicho hivyo. Wala usimwage maji baridi kwenye injini iliyochemka. Chuma chaweza kupasuka. Na kulanti usiiache kwenye kopo wazi uani: ina ladha tamu na ni sumu, kwa mtoto na kwa mbwa vilevile.

Wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi nina neno lenu. Maofisini mwetu tumewaona mafundi wa aina ile ya kwanza. Hufika, hukuta kanuni au cheo ambacho hawajui kazi yake, husema ni cha wakoloni au cha wakati uliopita, hukitupa. Kwa muda mambo huonekana mepesi. Mzigo ukija, kila kitu huchemka, na hapo husema mtambo mzima umekufa, ununuliwe mwingine. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza: kabla hujaondoa kitu, uliza kiliwekwa kwa nini. Pengine kweli hakina kazi. Lakini uliza kwanza.

Na yule kijana wa Ifakara, ambaye matokeo yake ya kidato cha nne yalisemekana kuwa mabaya, amelijibu swali la shinikizo na mtanuko kuliko wengi wetu tuliopata digrii. Naiomba kamati yetu, tunapochanga fedha za maktaba, tuchangie pia vifaa vya maabara, ili somo hili watoto walione kwa macho na kulishika kwa mikono.