Pampu ya Dawa Mgongoni: Usalama Unaanza Kabla ya Upasuaji



1. Utangulizi

Maumivu yanayodumu zaidi ya miezi mitatu huitwa maumivu sugu. Wagonjwa wengi hupata nafuu kwa dawa za kumeza, mazoezi ya viungo na ushauri nasaha. Wapo wachache, hasa wenye saratani iliyosambaa au neva zilizoharibika, ambao kila dozi inapoongezwa huzidiwa na usingizi, kichefuchefu na kufunga choo, ilhali maumivu yako palepale. Hao ndio wanaofikiriwa kuwekewa pampu inayopeleka dawa kwenye maji ya uti wa mgongo.

Hoja yangu ni moja. Kabla ya kuuliza nani atafanya upasuaji, tuulize nani ataijaza pampu hiyo na kumfuatilia mgonjwa kwa miaka yote itakayokuwa mwilini mwake. Pasipo jibu la uhakika, pampu isiwekwe.

2. Pampu inavyofanya kazi

Mwaka 1976, Tony Yaksh na Thomas Rudy walionyesha kwa majaribio ya panya kuwa mofini ikifikishwa moja kwa moja kwenye uti wa mgongo huzuia maumivu. Mwaka 1979, Wang na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walitoa taarifa za wagonjwa wa saratani waliotulizwa kwa dozi ndogo sana iliyochomwa kwa njia hiyo.

Pampu ya leo ni kisahani cha chuma kinachowekwa chini ya ngozi ya tumbo. Ndani yake mna hifadhi ya dawa, mara nyingi ya mililita 20 au 40, pamoja na betri. Mrija mwembamba hupitishwa chini ya ngozi kuzunguka ubavu hadi mgongoni, na ncha yake hukaa ndani ya maji ya uti wa mgongo. Daktari hupanga kasi ya dawa kwa kifaa cha nje, bila kumpasua mgonjwa tena. Dawa ikikaribia kwisha, hifadhi hujazwa kwa sindano inayopita kwenye ngozi.

Nguvu ya njia hii ni kubwa. Kwa makadirio yanayotumika sana, miligramu 1 ya mofini kwenye maji ya uti wa mgongo hukaribia miligramu 300 za kumeza. Ndiyo maana mgonjwa hupata nafuu kwa dozi ndogo yenye madhara machache. Ndiyo maana pia kosa dogo la hesabu linaweza kuua.

3. Ushahidi wa faida na wa hatari

Utafiti wa Thomas Smith na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002, uliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 202 wenye maumivu makali ya saratani. Kati ya waliowekewa pampu, asilimia 84.5 walipungukiwa maumivu au madhara ya dawa kwa kiwango kilichowekwa. Kwa waliotibiwa kwa dawa za kawaida pekee, ilikuwa asilimia 70.8.

Mwaka 2009, Robert Coffey na wenzake walichapisha uchunguzi wa vifo vya wagonjwa wenye pampu za dawa za jamii ya mofini kwa maumivu yasiyo ya saratani. Vifo ndani ya siku tatu baada ya upasuaji vilikuwa asilimia 0.088, yaani karibu wagonjwa 9 kwa kila 10,000, na ndani ya mwezi mmoja asilimia 0.39. Kupumua kudorora kulikuwa miongoni mwa sababu kuu, hasa dawa ilipoanzishwa au kuanzishwa upya, na pale mgonjwa alipokuwa akitumia pia dawa nyingine zinazolegeza ubongo. Vifo vya namna hii huzuilika mgonjwa akilazwa, akahesabiwa pumzi na kupimwa oksijeni kwa angalau saa 24, na naloksoni, dawa inayozima nguvu ya mofini, ikawa karibu.

4. Mahali pa kuwa macho

Kwanza, kujaza. Sindano ikikosa tundu la pampu, dawa huingia kwenye nyama zinazoizunguka. Tupige hesabu: hifadhi ya mililita 20 yenye mofini ya miligramu 20 kwa kila mililita ina miligramu 400. Kiasi hicho kikimwagika chini ya ngozi, mgonjwa anaweza kuacha kupumua. Kwa hiyo muuguzi huvuta kwanza dawa iliyobaki, huipima, na kulinganisha na kiasi ambacho kifaa kinasema kilipaswa kubaki. Tofauti kubwa ni amri ya kusimama. Mgonjwa akianza kusinzia au kuhisi moto tumboni, hachukuliwi kuwa amechoka tu. Hutibiwa kama dharura.

Pili, dawa kukatika ghafla. Mrija unaweza kujikunja, kukatika au kuchomoka, betri huisha, tarehe ya kujaza hupitwa. Mgonjwa wa mofini hupata arosto: jasho, kuharisha na maumivu kurudi kwa kishindo. Mgonjwa wa baklofeni, anayetibiwa misuli inayokaza, yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Huanza kwa kuwashwa na kukakamaa, kisha homa kali na kuchanganyikiwa, na bila matibabu ya haraka anaweza kufa.

Tatu, uvimbe kwenye ncha ya mrija. Hutokea zaidi mofini inapotumika kwa dozi au ukolezo mkubwa. Nafuu hupungua, na tukikimbilia kuongeza dozi tunaulisha uvimbe huo hadi ubane uti wa mgongo. Mgonjwa anayehitaji dawa zaidi na zaidi, au anayeanza kufa ganzi miguu au kushindwa kuzuia mkojo, apigwe picha kwanza.

Nne, mchanganyiko wa dawa. Novemba 2018, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya dhidi ya kuweka kwenye pampu dawa za maumivu ambazo hazikuidhinishwa kwa kazi hiyo, zikiwamo haidromofoni, fentanili, bupivakeini na klonidini, kwa sababu zinaweza kuiharibu pampu na kubadili kiasi kinachotoka. Zilizoidhinishwa kwa maumivu ni mofini na zikonotaidi. Zikonotaidi imetokana na sumu ya konokono wa baharini, Conus magus, iliyochunguzwa na kundi la Mfilipino Baldomero Olivera. Haidoroshi pumzi wala haileti arosto, lakini huweza kuvuruga akili, hivyo haipewi mtu aliyewahi kuugua uwendawazimu.

5. Mapendekezo

a) Kila mgonjwa apimwe afya ya akili na ajaribiwe dawa kwa dozi ndogo kabla ya upasuaji. Kukoroma na kukatika pumzi usingizini kuchunguzwe.

b) Pampu iwekwe tu na kituo chenye wauguzi waliofunzwa kuijaza, dawa isiyopungua na simu ya dharura inayopokelewa usiku.

c) Mgonjwa abebe kadi yenye aina ya pampu, dawa, ukolezo, dozi ya siku na tarehe ya kujaza. Anayesafiri apangiwe kituo cha kujazia huko aendako kabla hajaondoka.

d) Kabla ya kipimo cha MRI, aina ya pampu ijulikane. Baadhi husimama ndani ya sumaku na hukaguliwa baadaye kama zimeanza tena. Nyingine lazima zitolewe dawa kwanza.

e) Ndugu wa nyumbani wafundishwe dalili za hatari, na wajue kwamba pombe na vidonge vya usingizi havichanganywi na pampu ya mofini.

6. Hitimisho

Hapa Afrika Mashariki tunao msingi wa kujengea. Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993, na mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini ya kunywa. Mpango huo umewafikia watu vijijini kwa sababu ulitanguliza mafunzo, usambazaji na ufuatiliaji. Pampu inahitaji mambo hayohayo, kwa ukali zaidi. Hospitali ambayo bado huikosa mofini ya kunywa kwa wiki kadhaa ianze kuziba pengo hilo, maana wagonjwa wengi watapata nafuu kwa hatua hiyo tu. Hospitali iliyokwisha kuliziba, yenye timu ya kudumu, ina haki ya kuwafikiria wale wachache ambao mofini ya kunywa imeshindwa kuwasaidia.