Kinole: Ardhi, Nasaba na Mamlaka ya Wenyeji

Nimetakiwa nieleze habari za Kinole, yaani nchi yake, tarehe yake na serikali yake ya mitaa, nami naona mambo hayo matatu hayatengani, kwani upande huu wa Uluguru hapajapata kudumu mamlaka yoyote ila yale yaliyoitambua ardhi pamoja na wenyewe.

Kinole iko katika miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, na pepo zitokazo Bahari ya Hindi zikiwa zimejaa mvuke huikuta miteremko hii kwanza, zikapanda, zikapoa, zikamwaga mvua nyingi kuliko ile ifikayo upande wa pili wa mlima; na maji ya mashariki hii huteremkia mto Ruvu, ambao ndio unaonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Msafiri atokaye mjini Morogoro hushika njia ya Bigwa iendayo Kisaki, kisha huiacha na kupanda kati ya migomba iliyochanganyika na minanasi, mifenesi, midalasini, mipilipili manga na mikarafuu. Msimu wa karafuu ukifika, nyua hutandikwa majamvi na maturubai, vikonyo vikachambuliwa kwa mkono, na mtu mmoja akaachwa kutazama mawingu, maana karafuu ikinyeshewa kabla haijakauka hupotewa na rangi, na bei huifuata rangi.

Mvua hiyo hiyo ndiyo iliyoipa Kinole hadhi yake ya kale. Kingalu, jina ambalo kila mrithi wa kiti cha jadi cha Kinole hulichukua, alisifika kwa uwezo wa mvua, na watu walimwendea kwa taadhima kutoka mbali. Hata hivyo heshima ya mvua haikuwa milki ya ardhi. Ardhi ilikuwa ya lukolo, ukoo unaohesabiwa kwa mama, kila lukolo chini ya mndewa wake, yaani mkuu wa ukoo, na urithi ukapita kwa mjomba.

Wadachi, yaani Wajerumani, walitawala kwa maakida na majumbe. Waingereza nao, baada ya Gavana Sir Donald Cameron kuwasili mwaka 1925, walitaka kila kabila liwe na mtawala wake, hazina yake na baraza lake la hukumu. Kwa hiyo Kingalu akawa miongoni mwa waliopewa cheo cha Sultani, na mtu aliyekuwa akiombwa mvua akageuzwa kuwa mdai wa kodi na mpasha amri za Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Kwa maoni yangu, kosa hilo la kudhani kwamba anayeheshimiwa kwa jambo moja aweza kuamuru katika mambo yote ndilo lililozaa msiba wa miaka ya 1950, pale serikali, kwa nia ya kuzuia mmomonyoko, ilipowalazimisha raia, kupitia Masultani hao, kuchimba matuta ya ngazi. Upande wa Mgeta, magharibi ya mlima, kazi ile ilikuwa na manufaa. Lakini huku mashariki, penye udongo mwembamba na miteremko mikali, jembe lilifukua udongo wa chini usio na rutuba, na wakulima waliliona hilo mapema kuliko mabwana shamba. Julai 1955 ghasia zikazuka Matombo, upande huu wa mashariki, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa, ilhali chama cha TANU, kilichozaliwa mwaka uliotangulia, kikapata wafuasi wengi mlimani.

Mwaka 1963 dola huru iliondoa mamlaka ya machifu, mwaka 1972 ikaondoa na halmashauri za serikali za mitaa, hata zikarejeshwa kwa sheria za 1982 na kuanza kazi mwaka 1984. Leo Kinole ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro, yenye makao yake Mvuha, na jina la Kingalu limepewa soko kuu la mjini Morogoro, ambako mazao mengi ya mlima huu huteremshwa.

Lakini uzito wa jambo uko kijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, imeweka baraza la ardhi la watu saba, ambao wanawake kati yao hawapungui watatu, na imeruhusu hatimiliki za kimila. Sheria hii ni njema. Hatari yake ni kwamba karani mgeni, aliyezoea kwao kuandika jina la baba, ataandika jina la mume juu ya shamba la lukolo la mke, na kwa wino wa siku moja akawatoa wanawake wa Uluguru katika haki waliyoachiwa na bibi zao.

Basi nawaombeni, waheshimiwa madiwani na watendaji wa kata na vijiji, kabla ya hati yoyote kutiwa muhuri, mndewa na wanawake wa lukolo husika waitwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, waulizwe mipaka na wenyewe, na majibu yao yaandikwe.