Karatasi ya Moyo Isomwe Pamoja na Kifua

Mtu akishikwa ghafla na maumivu ya kifua, wengi wetu husema: huo ni moyo. Hospitalini hubandikwa waya kifuani, mikononi na miguuni, na mashine ikatoa karatasi yenye mistari ya milima na mabonde. Mholanzi Willem Einthoven alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi hiyo. Karatasi hiyo inaheshimika, na inastahili. Lakini upo ugonjwa wa pafu unaoweza kuivuruga.

Pafu likitoboka, hewa huvuja ikakaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, nalo pafu likasinyaa kama mpira uliotobolewa. Jambo hili humpata kijana mrefu mwembamba, hasa mvuta sigara. Mgonjwa wa kifua kikuu. Au aliyeumia mbavu.

Hewa haipitishi umeme vizuri. Ikijaa upande wa kushoto, hukaa kati ya moyo na waya, na pengine moyo wenyewe husogea. Basi milima ya mchoro huweza kupungua kimo, na mawimbi yakapinduka juu chini. Anayesoma karatasi peke yake aweza kudhani misuli ya moyo imekosa damu.

Hatari iko hapo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda humwokoa mwenye mshipa wa moyo ulioziba. Mwenye hewa kifuani haimsaidii. Tena yaweza kumtoa damu nyingi akitobolewa kuwekewa mpira wa kutolea hewa. Na hewa ikizidi kubana, mgonjwa hufa upesi.

Kwa hiyo daktari na asikilize pande zote mbili za kifua. Upande wenye hewa, pumzi husikika kwa shida, na ukigongwa hulia kama ngoma. Eksirei huthibitisha, lakini mgonjwa akizidiwa, hewa hutolewa bila kungoja picha. Pafu likijaa tena, mara nyingi mchoro nao hurudi sawa.

Nawe mgonjwa, sema. Maumivu yalianzaje? Upande gani? Yanachoma ukivuta pumzi? Uliwahi kuugua kifua kikuu? Wahenga walinena: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mashine haijakilalia kitanda chako, wewe umekilalia.